Harufu ya Esanse Garini: Simama Kwanza!

Ndugu shofa, na wewe unayepanda naye kutoka Kailo kwenda Kindu: mkisikia harufu ya esanse, msiseme "tutaangalia tukifika." Mtikiso wa barabara hulegeza viungo vya mpira wa esanse, hasa kwenye pompi na kabureta, karibu na motere yenye moto.

Kinachowaka ni mvuke wa esanse. Hauonekani, ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini mpaka ukute sigara au cheche. Esanse hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi kali ya barafu. Sembuse joto la Maniema!

Fanya hivi:

1. Simamisha gari, zima motere, teremsha watu, wasimame mbali.

2. Usiwashe kiberiti. Usiku, usimulike kwa taa ya petroli.

3. Fungua boneti. Ngoja motere ipoe na harufu iishe.

4. Pete ya kukazia ikilegea, ikaze. Mpira ukipasuka, weka mpya wa esanse. Sabuni haizibi kiungo, na kipande cha mpira wa gurudumu hulainishwa na esanse, kisha huachia njiani.

5. Panguza yaliyomwagika. Washa motere, mwenzako akishika kizimamoto, uangalie tena.

Tukumbuke Sange, Kivu Kusini, tarehe 2 Julai 2010: lori la esanse lilipinduka, likavuja, na moto ukaua watu zaidi ya 200.

Afadhali kuchelewa Kindu kuliko kutofika.