Kelele za Tapeti Kando ya Ziwa Mweru

Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari kila mwaka, uvuvi hupigwa marufuku katika sehemu kubwa ya maji ya Zambia. Katika majira hayo, gari la kubebea samaki huko Nchelenge au Kashikishi huweza kukaa miezi mitatu chini ya mwembe. Siku liwashwapo, injini hugonga kama nyundo ya mhunzi, na askari aliye zamu kizuizini hulisikia kabla hajaliona.

Ikiwa gari hilo ni Kombi kuukuu, sharti kwanza ijulikane injini yake. Zile za 1600 za zamani hupimwa nafasi ya vali kwa filageji, milimita 0.15, injini ikiwa baridi. Lakini Volkswagen iliweka tapeti za haidroliki katika injini ya lita 2 kuanzia toleo la 1978, kisha katika ile ya lita 1.9 ipozwayo kwa maji. Hizo hazina nafasi ya kupimwa. Fundi azipimaye kwa filageji, hata awe hodari namna gani, anaharibu kazi.

Ndani ya tapeti hiyo mna pistoni ndogo, springi na gololi. Oili isukumwayo na pampu huingia, gololi huziba njia, na kwa kuwa oili haikandamiziki, tapeti huwa ngumu kama chuma. Gari likikaa, oili huvuja na hewa hushika mahali pake. Hewa hukandamizika, ndiyo asili ya kelele. Basi usikimbilie bisibisi. Hakikisha kiasi cha oili, kisha endesha injini robo saa kwa mizunguko zaidi ya 2,000 kwa dakika. Mara nyingi kelele hukoma.

Zisipokoma, au vichwa vikiwa vimefunguliwa, ndipo hurekebishwa. Geuza injini hadi silinda ya kwanza ifike juu, mwisho wa mgandamizo, vali zake zote mbili zikiwa zimefungwa. Legeza nati, rudisha skrubu, kisha ikaze polepole mpaka iguse tu shina la vali. Toka hapo, kitabu cha mtambo huagiza mizunguko 2, ili pistoni ndogo ikae katikati ya mwendo wake. Funga nati, geuza injini nusu mzunguko, uende silinda ya 4, halafu ya 3, mwisho ya 2.

Hapa ndipo wengi huteleza. Tapeti iliyojaa oili hukataa kubonyea mara moja, na mizunguko hiyo huisukuma vali ikafunguka. Ngoja oili ivuje ndipo ugeuze injini. Vali ya moshi isiyofunga sawasawa hukosa kupoza kichwa chake katika kiti chake. Huungua, na injini hupoteza nguvu. Fikiria hilo litokee usiku, njiani kutoka Chienge, mkiwa mmembeba mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya St. Paul's, Kashikishi.

Kabla ya kurudisha vifuniko, tazama gasketi zake. Iliyokauka huvuja oili juu ya bomba la moshi lenye moto, na harufu yake hujaa garini kabla hamjafika Kazembe.