Habari Zilizofichwa Ndani ya Jiwe

Katika mitaa ya Makadara, Nairobi, kama Maringo na Jericho, watu hukanyaga kokoto kila siku bila kuzitazama. Lakini mji wa Nairobi umesimama juu ya mawe yaliyotoka chini ya ardhi zamani sana yakiwa uji wa moto, na kokoto nyingi huvunjwa katika mawe hayo.

Jiwe la namna hiyo likipasuliwa huenda zikaonekana punje zimeremetazo. Punje hizo huitwa fuwele. Maji ya chumvi yakikauka polepole huacha punje kubwa. Yakikaushwa upesi huacha punje ndogo. Ndivyo ulivyo uji wa mawe. Ukikaa chini muda mrefu ukipoa polepole, fuwele hukua. Ukimwagika nje, huganda upesi. Basi jiwe laini lenye fuwele kubwa ndani yake limepoa mara mbili: kwanza chini, kisha juu. Mawe kama hayo yako Mlima Kenya, na Bwana J. W. Gregory, aliyeuzuru mwaka 1893, aliyapa jina la mlima huo.

Tena fuwele hukua tabaka juu ya tabaka, kama mti uongezavyo duara. Uji mpya ukiingia, tabaka lifuatalo hubadilika. Wataalamu walipopima fuwele za mlima St Helens, Marekani, uliolipuka mwaka 1980 na miaka iliyofuata, waliona kuwa uji mpya ulikuwa umeingia tumboni mwa mlima katika mwaka uliotangulia milipuko kadhaa. Vilevile walitambua kuwa chini ya milima mingi hakuna ziwa moja la moto, bali matope mazito ya fuwele yenye uji hapa na pale.

Elimu hii ina faida kwetu. Huko Menengai, karibu na Nakuru, wachimbaji wa visima vya mvuke waliufikia uji wenyewe kwa kina cha kilomita 2 hivi. Joto la namna hiyo ndilo litoalo mvuke, na mvuke wa Olkaria umezalisha umeme tangu mwaka 1981.

Fuwele hazitabiri siku ya mlipuko, kwa maana husomwa baada ya moto kutoka. Lakini hufundisha maana ya dalili. Watu wa Goma, walioona uji wa Nyiragongo ukiingia mjini mwao mwaka 2002, wanajua thamani ya kuonywa mapema.