Msalaba wa Jani: Kazi ya Mkono Inayokamilika kwa Majivu

Kazi nyingi za mikono tunazofanya nyumbani kwa ajili ya sikukuu hudumu siku chache tu. Kadi ya Noeli husomwa ikawekwa kando, na mapambo ya sebuleni huteremshwa kabla Januari haijaisha. Msalaba wa jani unaosukwa kwa ajili ya Jumapili ya Matawi una safari ndefu zaidi. Husukwa Jumamosi, hubarikiwa kesho yake, hukaa ukutani miezi kumi au kumi na moja, kisha hurudishwa kanisani ukachomwe. Majivu yake ndiyo tunayopakwa katika paji la uso Jumatano ya Majivu, Kwaresima mpya inapoanza. Wakatoliki na Waanglikana wengi wanaujua mzunguko huu, lakini familia chache huufikiria pale zinaposhika jani mkononi. Msalaba huu husukwa ili siku moja uchomwe, na ukilikumbuka hilo tangu mwanzo utajua jani la kuchagua, namna ya kulifunga, na vitu vya kutoutia.

Injili zote nne zinasimulia Yesu alivyoingia Yerusalemu, lakini ni Yohane peke yake, katika sura ya 12, anayetaja mitende. Mathayo na Marko hawasemi ni matawi ya mti gani, na Luka anazungumzia nguo tu zilizotandazwa njiani. Mwishoni mwa karne ya 4 mhujaji mmoja mwanamke, Egeria, aliandika alivyowaona Wakristo wa Yerusalemu wakiteremka Mlima wa Mizeituni siku hiyo. Watoto wote walikuwa na matawi, mengine ya mitende na mengine ya mizeituni, na wale wasioweza kutembea walibebwa na wazazi wao. Basi watoto wamekuwa na nafasi yao katika sikukuu hii kwa zaidi ya miaka 1,600. Ibada ilipofika nchi zisizo na mitende, watu walitumia mimea ya kwao: Waitalia mizeituni, Wapoland matawi ya mierebi.

Sisi hatuna haja ya kuhangaika. Pwani kuna mnazi. Mabondeni na kandokando ya mito kuna mkindu, ambao akina mama husukia mikeka. Kigoma, Burundi na Kongo kuna mchikichi. Wanakijiji wa Masasi, kusini mwa Tanzania, wamekuwa wakisuka misalaba ya namna hii tangu miaka ya 1960 kwa ajili ya makanisa ya Uingereza, na baadaye ya Marekani. Mwumini wa ng'ambo huingia kanisani ameshika jani lililoota kwetu. Itakuwa ajabu sisi wenyewe tukimnunulia mtoto msalaba wa plastiki kwenye geti la parokia.

Tuanze na kuvuna. Mnazi una kilele kimoja tu cha kukulia, na kilele hicho kikikatwa mti wote unakufa. Kwa hiyo usimruhusu kijana apande na panga kutafuta lile jani jeupe la katikati ambalo halijafunguka. Chukua kuti moja la kijani lililokwisha kufunguka. Linatosha familia nzima na majirani. Mkindu huota kwa kichaka, mashina kadhaa pamoja, kwa hiyo unastahimili zaidi, lakini hata huo uukate kwa kiasi. Angalia miiba iliyo karibu na kikonyo kabla ya kumpa mtoto.

Jani la mnazi lina chelewa katikati, ule uti tunaotengenezea mafagio. Uti huo haukunjiki, hukatika. Lichane jani kwa urefu pande zote mbili za chelewa, nawe utapata vipande viwili laini. Unahitaji kipande chenye urefu wa sentimita 60 na upana wa kama sentimita 1. Jani likikaa siku mbili huanza kukakamaa. Liloweke katika maji kwa saa moja au zaidi, ulifute, kisha lipitishe kati ya kidole gumba na cha shahada mara kadhaa mpaka litii.

Sasa tusuke. Shika kipande wima, ncha nyembamba ikiwa juu. Pima sentimita 12 kutoka chini, hapo ukunje upande wa juu uje mbele yako na kushuka. Huo ndio mti wa msalaba. Shuka sentimita 4, kisha kunja jani lielekee kulia. Nenda kulia sentimita 4, ukunje urudi kushoto kwa nyuma ya mti, na ulipitishe mpaka litokeze sentimita 4 upande wa pili. Likunje tena lije mbele katikati. Mikono miwili imepatikana. Mkia uliobaki ndio kamba yako. Upitishe mbele ya makutano kwa mshazari, kutoka chini kushoto kwenda juu kulia. Uzungushe nyuma ya mkono wa kulia utokee chini yake, kisha uupitishe mbele tena, kutoka chini kulia kwenda juu kushoto. Upeleke nyuma, uuchomeke chini ya mzunguko uliopo, uvute taratibu mpaka fundo likaze. Kipande kinachozidi kikate kwa mkasi.

Mtoto wa miaka minane ataweza akionyeshwa mara mbili tatu. Mdogo zaidi anaweza kushika mti huku mkubwa akizungusha mkia. Msalaba wake ukipinda, uache hivyo hivyo. Usiufungue ili kuusuka upya akiwa amelala, maana asubuhi ataitambua kazi ya mkono wake, na ataijua pia isiyo yake.

Hapa ndipo majivu yanapotuongoza. Usitie gundi, kwa kuwa fundo likikazwa vizuri halihitaji kitu kingine. Usitie rangi ya dukani, utepe wa nailoni, pambo la kumetameta wala waya. Plastiki ikiungua hutoa moshi wenye sumu na kuacha masalia ya kunata, na hakuna padre ambaye angependa kumpaka mwumini kitu hicho usoni. Ukitaka urembo, sokota uzi wa pamba, au changanya jani la kijani na lililokauka. Jani lisilotiwa kitu litageuka lenyewe, kutoka kijani hadi rangi ya majani makavu, na mtoto ataona ukutani kwamba mwaka unasonga.

Baada ya kubarikiwa, msalaba hautupwi jalalani. Familia nyingi huuchomeka nyuma ya msalaba wa sebuleni au juu ya mlango. Uweke mahali pakavu, mbali na moshi wa jiko na mvuke wa sufuria, usije ukaota ukungu. Suka na mmoja wa ziada kwa mgonjwa au mzee aliyeshindwa kufika kanisani, na umtume mtoto aupeleke. Atajifunza kwamba baraka ya sikukuu hugawiwa.

Kwaresima ikikaribia, kusanya misalaba yote uipeleke parokiani. Inayochomwa iwe mikavu kabisa, ndani ya chombo cha chuma, nje ya nyumba. Kisha majivu husagwa na kuchekechwa kwa chujio lenye matundu madogo. Wahudumu wa altare wajue jambo moja: majivu ya mimea yana magadi. Wapishi wa magharibi mwa Kenya hulijua hilo, kwani huchuja majivu ya maganda ya maharagwe ili kupata maji ya kulainishia mboga za kienyeji. Majivu yakichanganywa na maji mengi yakakaa, maji hayo huwa makali na yanaweza kuunguza ngozi. Ni salama zaidi kuyatumia makavu, au kuyatia matone machache ya mafuta ya zeituni.

Mzazi, mpeleke mwanao ashuhudie misalaba ikichomwa, kama padre ataruhusu. Mtoto aliyesuka msalaba kwa vidole vyake, akauona ukikauka ukutani, kisha akapakwa majivu yake, hahitaji hotuba ndefu kuelezwa kwamba shangwe ya Matawi na toba ya Kwaresima ni imani moja. Hii ndiyo sababu ninawasihi wazazi wasinunue msalaba uliokwisha kutengenezwa. Mtafutieni jani, mketi naye Jumamosi hiyo, na mwaka unaofuata mwacheni yeye amfundishe mdogo wake.