Spika kwanza, wufa baadaye

Katika maduka mengi ya vifaa vya umeme mjini Meru na Embu, mteja anayetafuta mziki wa nyumbani huonyeshwa wufa kwanza: sanduku kubwa jeusi lenye taa za rangi, na kando yake spika mbili au tatu zinazoweza kushikwa kwa kiganja. Bei hufuata ukubwa wa sanduku hilo na idadi ya wati zilizochapishwa kwenye katoni. Kwa anayetaka kuketi na kusikiliza muziki katika chumba cha futi kumi kwa kumi, huko ni kuanzia mwisho. Zinazostahili kuchaguliwa kwanza ni spika, wufa ifuate, tena iwe ndogo, na sababu kuu ni kuta zenyewe za chumba.

Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Chumba cha futi kumi kina upana wa takriban mita 3, na wimbi linaloenea barabara kati ya ukuta na ukuta wake hutetema mara 56 hivi kwa sekunde, yaani hezi 56. Uzi wa A wa gitaa la besi, ukipigwa bila kubanwa, hutoa hezi 55. Kwa hiyo benga, mugithi au nyimbo za injili zinazopigwa Muuga FM na Wimwaro FM zikifika kwenye noti hiyo, chumba huidaka na kuikuza peke yake, huku noti jirani zikibaki zilivyo. Chumba kikiwa mraba hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa urefu na upana vinakuza noti ileile kwa pamoja. Nyumba ya mawe ya machimbo haipunguzi chochote, maana jiwe hurudisha besi karibu yote. Isitoshe, sebule zetu hupangwa kwa namna moja: kochi limeegemezwa ukutani na wufa imesukumwa kwenye kona. Ukutani na konani ndipo wimbi hilo lina nguvu kuliko popote, ilhali katikati ya chumba karibu linatoweka. Anayelalamika kwamba besi yake ni mvumo mtupu usio na tuni, akaenda kununua wufa kubwa zaidi, ananunua mvumo uleule kwa bei ya juu.

Tatizo la pili liko kwenye zile spika ndogo. Koni ya inchi tatu haiwezi kubeba sauti nzito, hivyo mtengenezaji hulazimika kuikabidhi wufa kila kitu kilicho chini ya hezi 150 au hata 200. Sauti ya mwanamume anayezungumza huanzia kati ya hezi 85 na 180. Matokeo yake mwimbaji hupasuliwa vipande viwili: kifua chake kinatoka kwenye kona karibu na sakafu, na maneno yake yanatoka juu ya kabati la televisheni. Sikio hutambua chanzo cha sauti za kiwango hicho bila shida. Ni chini ya hezi 80 hivi tu ndipo linaposhindwa kujua zinatoka wapi, na hapo ndipo wufa inapostahili kuanza kazi. Spika zenye koni ya inchi tano au sita hufika huko bila kusaidiwa. BBC ilipobuni spika ya LS3/5A miaka ya 1970, kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje na vyumba vidogo vya kazi, ilitumia sanduku lililofungwa lenye kimo cha sentimita 30 na koni ya inchi tano, bila wufa yoyote, na mafundi wa redio waliitegemea kuamua matangazo yasikike vipi.

Watapinga wapenzi wa rege wakisema muziki bila besi ya kutikisa si muziki. Hoja hiyo ina uzito. Mwaka 1933 Fletcher na Munson wa Marekani walionyesha kwamba kadiri sauti inavyopunguzwa, sikio hupoteza besi haraka kuliko sauti za kati. Anayesikiliza usiku kwa sauti ya chini anaihitaji wufa kweli. Lakini anaihitaji ijaze pengo, basi. Kuhusu wati, geuza sanduku usome kibandiko cha nyuma. Ikiwa katoni inatangaza wati 10,000 za PMPO, kipimo cha kuvutia wanunuzi, na kibandiko kinasema kifaa kinatumia wati 60 za umeme, hakiwezi kutoa zaidi ya hizo 60. Spika ya kawaida hutoa desibeli 86 kwa wati moja tu, umbali wa mita moja. Nazo kanuni za Kenya za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zinaruhusu desibeli 35 katika makazi kuanzia saa mbili usiku. Kwenye vyumba vya kupanga vya Majengo au Dallas kule Embu, ambako ukuta ni wa mbao au dari haipo, besi ndiyo inayomfikia jirani kabla ya kitu kingine chochote.

Wengine watasema spika nzuri ni za matajiri. Spika za mitumba, zile za ex-UK, zinapatikana pamoja na amplifaya zake, na mara nyingi jozi iliyotumika inaishinda seti mpya ya bei hiyohiyo. Ila zinahitaji macho. Gusa ukingo unaoizunguka koni: ukiwa wa raba utadumu, ukiwa wa sponji na ukamung'unyika kwenye kidole, achana nayo. Sukuma koni polepole kwa vidole vilivyotandazwa pande zote. Ukisikia mkwaruzo, koili inasugua na spika hiyo imeharibika. Nyumbani hakikisha waya mwekundu umeingia kwenye nyekundu pande zote mbili, kwa sababu spika moja ikigeuzwa besi hunywea, na wengi hukimbilia wufa kutibu kosa la waya.

Wufa ikishanunuliwa, ya inchi nane yenye sanduku lisilo na tundu inatosha chumba hiki. Itoe konani uiweke katikati ya ukuta wa mbele, mahali ambapo wimbi la upana haliwezi kuamshwa, kisha livute kochi mbele kadiri nafasi inavyoruhusu. Anza na wufa ikiwa imezimwa, uipandishe kidogo kidogo huku wimbo unaoujua ukicheza, na usimame pale gitaa la besi linaposikika noti baada ya noti bila wewe kujua linatoka wapi.