Farasi Mia na Ishirini: Je, Hawatoshi Gari Jepesi?

Kila panapozungumzwa habari za magari madogo ya spoti, yale ya viti viwili au yenye viti vya nyuma visivyomtosha hata mtoto, hapakosi mtu wa kuuliza: "Lakini lina nguvu za kutosha?" Aghalabu muulizaji hangojei jibu. Ameshaiona tarakimu moja katika kijitabu cha muuzaji, ile ya nguvu za farasi, akailinganisha na ya gari la jirani, na hukumu ameshaitoa. Makala haya yanadai kwamba hukumu hiyo ni ya haraka mno. Tarakimu moja haiwezi kujibu swali lenye mambo mawili, na neno lililo zito katika swali hilo si "nguvu" bali ni "kutosha".

Na tuanze na gari ambalo limeandamwa na swali hili kuliko mengine yote. Mnamo Februari 1989, katika maonyesho ya magari mjini Chicago, kampuni ya Mazda ya Japani ilizindua gari dogo la viti viwili lenye paa la turubai. Ulimwengu unalijua kwa jina la MX-5, ingawa Wamarekani walizoea kuliita Miata na Wajapani huliita Roadster. Wazo lake halikuzaliwa kiwandani. Lilitokana na mwandishi wa habari Mmarekani, Bob Hall, ambaye mwaka 1979 alimwambia Kenichi Yamamoto, mmoja wa wakuu wa Mazda, kwamba dunia ilikuwa imepungukiwa na gari jepesi na la bei nafuu la aina ile waliyokuwa wakiiunda Waingereza. Mhandisi aliyekabidhiwa kazi hiyo, Toshihiko Hirai, aliifuata kanuni moja ya Kijapani iitwayo jinba ittai, maana yake farasi na mpandaji wake kuwa mwili mmoja.

Zingatia, msomaji mpendwa, kwamba kanuni hiyo inamtaja farasi mmoja tu, wala haisemi lolote juu ya wingi wa farasi. Toleo la kwanza lililouzwa Japani lilikuwa na injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 120, na gari lenyewe lilikuwa na uzito wa kilo 940 hivi. Kufikia mwendo wa kilomita 100 kwa saa kutoka kusimama kulichukua takriban sekunde tisa. Wakosoaji walicheka. Hata hivyo, kufikia Aprili 2016 Mazda ilikuwa imeunda magari milioni moja ya jina hilo, na hakuna gari jingine la spoti la viti viwili lililowahi kuuzwa kwa wingi kama hilo. Ama wanunuzi hao wote walidanganyika, ama kuna jambo ambalo tarakimu ya farasi haikulisema.

Jambo hilo ni hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa fizikia anaweza kuifanya ubaoni. Newton alitufundisha kwamba kadiri mwili unavyokuwa mzito ndivyo unavyohitaji kani kubwa zaidi ili uongeze mwendo wake. Kwa hivyo nguvu za injini hazina maana mpaka zigawanywe kwa uzito. Mazda ile ya 1989 ilikuwa na farasi 128 hivi kwa kila tani. Gari la nyumbani lenye uzito wa kilo 1,600 lingehitaji farasi wapatao 204 ili lilingane nayo. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba ukubwa wa pua si wingi wa kamasi.

Mfano ulio wazi zaidi ni Lotus Elise ya Uingereza. Kampuni ya Lotus ilianzishwa na Colin Chapman, mhandisi aliyefariki mwaka 1982 na aliyeamini kwamba kilo unayoiondoa ina faida kuliko farasi unayemwongeza, kwa sababu farasi hukusaidia unapoongeza mwendo tu, ilhali wepesi hukusaidia unapoongeza mwendo, unapokata kona na unapofunga breki. Elise ilipotokea mwaka 1996, chesisi yake ilikuwa ya vipande vya alumini vilivyounganishwa kwa gundi, na gari zima lilikuwa na uzito wa kilo 725 hivi. Injini yake ya lita 1.8, ambayo Lotus iliinunua kwa Rover, ilitoa nguvu za farasi 118 tu. Gawanya na utapata farasi wapatao 163 kwa tani.

Sasa ilinganishe na Toyota 86 ya mwaka 2012, gari la spoti lililokusudiwa vijana. Hilo lilikuwa na farasi 200 na uzito wa takriban kilo 1,240, yaani farasi wapatao 161 kwa tani. Kwa kipimo hiki magari hayo mawili ni pacha, ingawa moja lina farasi 82 zaidi ya jingine. Lakini cha ajabu ni kwamba Elise ilisifiwa kwa wepesi wa kuitikia mguu wa dereva, ilhali Toyota 86 ililaumiwa kwa miaka mingi kwamba ni dhaifu. Je, walalamikaji walikuwa wakipiga domo tu?

La hasha. Hapa ndipo inapotubidi kuingia ndani zaidi, kwani hata uwiano wa nguvu na uzito hausemi yote. Tarakimu ya farasi hupimwa injini inapozunguka kwa kasi kubwa kabisa, hali ambayo dereva wa kawaida huifikia mara chache. Kinachohisiwa mgongoni katika safari za kila siku ni nguvu ya injini ya kuzungusha ekseli, ambayo wahandisi huipima kwa nyutoni-mita. Elise ilitoa nyutoni-mita 165, na ilizitoa mapema, injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Toyota 86 ilikuwa na 205, lakini ilizifikisha ikiwa imepita mizunguko 6,000, na katikati, karibu na 4,000, palikuwa na bonde ambamo injini ilionekana kama imesinzia. Toyota walipolitoa gari hilo upya mwaka 2021 waliweka injini ya lita 2.4 yenye nyutoni-mita 250 zinazopatikana kwenye mizunguko 3,700, na hawakuliongezea uzito ila kidogo. Malalamiko yalipungua sana. Dawa ilikuwa ni kulifukia lile bonde, kuipa injini nguvu pale ambapo dereva huihitaji.

Kwetu sisi wa nyanda za juu za Kenya kuna jambo jingine ambalo vijitabu vya wauzaji havilitaji. Injini huchoma petroli kwa hewa, na hewa hupungua uzito kadiri tunavyopanda juu. Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni pungufu kwa takriban asilimia 15 ikilinganishwa na ya Mombasa. Injini isiyo na turbo, yaani isiyo na kifaa cha kuisukumia hewa ndani kwa nguvu, hupungukiwa kwa kadiri iyo hiyo. Farasi 120 walioshuka melini bandarini Kilindini hufika jijini wakiwa 100 au zaidi kidogo. Ukipanda hadi Timboroa, karibu robo yao watakuwa wamekuacha njiani.

Je, hilo si hoja dhidi ya gari dogo? Hebu tuipime. Gari la kilo 1,000 linalopanda mlima wenye mwinuko wa asilimia sita kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa huhitaji kilowati 13 hivi ili kuushinda mvuto wa ardhi, sawa na farasi wasiozidi 18. Gari la kilo 2,000 huhitaji mara mbili ya hizo. Ongeza farasi wachache wa kukabiliana na upepo na msuguano wa magurudumu, na bado gari jepesi litabakiwa na akiba kubwa. Kwa hivyo mlima humwadhibu mzito kuliko mnyonge. Maneno "halina nguvu" yanapotamkwa huku gari likipanda, yafaa kuuliza kwanza limebeba nini.

Hata hivyo, haki haina budi kutendeka kwa upande wa pili. Kuna mahali ambapo wepesi hausaidii. Upepo haujali uzito wa gari, na nguvu zinazohitajika kuushinda huongezeka mara nane mwendo unapoongezeka maradufu. Ndiyo maana katika barabara za Ujerumani zisizo na kikomo cha mwendo, gari dogo la farasi 120 litaachwa nyuma hata na gari kubwa la abiria. Isitoshe, kulipita lori katika barabara ya njia mbili ni jambo la kufa na kupona, na anayekaa sekunde chache zaidi upande usio wake anajiweka hatarini. Nguvu zina kiwango cha chini ambacho chini yake gari halipaswi kushuka. Ninachokikana ni kwamba kiwango hicho ni kikubwa kama tunavyoaminishwa.

Maana mambo yamebadilika. Leo Tesla Model 3, gari la umeme la kupelekea watoto shuleni, lenye uzito wa zaidi ya kilo 1,600, hufika kilomita 100 kwa saa kwa takriban sekunde sita. Ikiwa kipimo cha gari la spoti ni kuongeza mwendo kwa haraka, basi magari mepesi ya bei nafuu yameshashindwa, na hakuna injini ya petroli ya bei ya wastani itakayoyaokoa. Lakini ikiwa kipimo ni kingine, basi kazi yao ingalipo. Na kipimo hicho kingine ni kumfundisha mtu kuendesha.

Dereva wa gari jepesi lenye nguvu za wastani hulazimika kufikiri. Kabla ya kona huchagua gia, hupima mwendo wake, huamua mahali pa kuuzungusha usukani, kwa sababu akiupoteza mwendo bure hatakuwa na farasi wa kuurudisha mara moja. Kosa lake huliona papo hapo na humgharimu kidogo. Fauka ya hayo, anaweza kuitumia injini yake hadi mwisho wa uwezo wake akiwa kwenye gia ya pili bila kuivunja sheria. Mwenye farasi 400 hawezi. Akikanyaga mafuta kwa sekunde chache tu huwa ameshakipita kilomita 110 kwa saa, kikomo cha magari madogo katika barabara kuu zetu. Nguvu alizozinunua kwa bei ghali hukaa kama vitabu kabatini kwa mtu asiyesoma.

Hapa mjadala unaacha kuwa wa starehe. Zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakifa kila mwaka katika barabara za Kenya miaka ya karibuni. Nishati ya gari linalokwenda hukua kwa mraba wa mwendo wake. Gari linalokwenda kilomita 140 kwa saa lina karibu maradufu ya nishati ya lile linalokwenda 100, na uzito ukiongezeka nishati nayo huongezeka. Nishati hiyo yote sharti iishe, ama kwenye breki ama kwenye mwili wa mtu. Wahenga walisema mwana akililia wembe mpe, ila wembe ule ulimkata mwenyewe. Wembe wa tani mbili hukata na waliosimama kando ya njia.

Kinachosikitisha ni kwamba chaguo lenyewe linazidi kutuponyoka. Elise iliacha kuundwa mwaka 2021. Kampuni ile ile ya Chapman sasa huunda Eletre, gari kubwa la umeme lenye uzito wa takriban kilo 2,500, yaani zaidi ya mara tatu ya Elise ya kwanza, na toleo lake kali kabisa lina farasi zaidi ya 900. Sitaki kuwabeza wahandisi wake. Betri ni nzito na wanunuzi wanataka nafasi. Lakini tumefika pahala ambapo uzito huletwa kwanza, kisha nguvu zikaletwa ili kuuficha uzito, kisha breki kubwa zikaletwa ili kuzizuia nguvu. Mazda, kwa upande wao, walipolitoa upya gari lao mwaka 2015 walilipunguzia uzito hadi takriban tani moja, na katika soko la Japani wakalipa injini ya lita 1.5 yenye farasi 131. Baada ya robo karne, waliongeza farasi kumi na mmoja tu. Huo nao ni ujasiri.

Walimu wa fizikia wanaweza kulipeleka suala hili darasani kesho asubuhi bila gharama yoyote. Waandike ubaoni uzito na nguvu za magari matatu, wawaache wanafunzi wagawanye, kisha wawaulize ni lipi lina nguvu za kutosha. Atakayetaja tarakimu kubwa kuliko zote atakuwa hajalielewa swali. Atakayeuliza "Za kutosha kufanya nini, wapi, na mikononi mwa nani?" atakuwa ameshajibu.

Mpanda farasi wawili, walisema wazee, hupasuka msamba. Sisi wa leo tunataka kupanda farasi mia nne kwa mpigo, na hata kumtawala mmoja hatujajifunza.