Somo la Redio: Hisani na Haki

Sogeeni karibu na redio, kila mmoja na daftari lake na kalamu. Mwalimu wenu na aandike ubaoni maneno mawili: HISANI na HAKI. Leo tutajifunza tofauti ya maneno haya kwa kumtazama mtu mmoja, Askofu Frank Weston wa Unguja.

Kwanza tutazame mahali. Huko Mkunazini, mjini Unguja, palikuwa na soko la watumwa. Soko hilo lilifungwa mwaka 1873, na mahali pale pale misheni ya UMCA ikajenga kanisa kuu. Weston, ambaye alikuwa Mwingereza, alipata uaskofu mwaka 1908, na kanisa hilo likawa lake. Basi kila alipoingia kusali, alisimama mahali ambapo zamani watu waliuzwa.

Sasa tuvuke bahari twende Kenya, mwaka 1919. Walowezi wa Kizungu walikuwa na mashamba makubwa, lakini walilia kwamba vibarua hawatoshi. Mwezi wa Oktoba Serikali ya Gavana Northey ikatoa waraka. Maofisa waliagizwa wawahimize machifu kutoa watu waende kufanya kazi katika mashamba hayo. Hata wanawake na watoto walitajwa.

Waraka haukusema, "Walazimisheni." Lakini hebu fikiri wewe unayesikiliza. Chifu ameambiwa kwamba asiposaidia, jina lake litapelekwa kwa Gavana. Naye anakuja mlangoni pako na askari wake, anasema, "Nenda kazini." Je, utaweza kukataa? Shamba la bwana litapaliliwa, na lako litaota majani.

Viongozi wa Kikristo walisemaje? Maaskofu wa Mombasa na Uganda, pamoja na mkuu wa misheni ya Kiskoti, waliona hatari. Walitaka wanawake na watoto walindwe. Lakini walisema kwamba kama hapana budi kulazimisha watu, basi na iwe kwa sheria iliyo wazi, tena yenye mipaka. Walitaka lazima iwe na upole.

Weston hakukubali. Mwaka 1920 alikwenda Uingereza, akapiga chapa kijitabu cha kupinga mambo hayo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuelewa: kumlazimisha mtu kufanya kazi kwa faida ya mtu mwingine ni kumrudisha utumwani, hata kama analipwa, hata kama anatendewa vizuri.

Hapo ndipo tunapoona tofauti ya maneno yetu mawili. Hisani ni kumlegezea kamba mtu aliyefungwa. Haki ni kuuliza, "Nani alimfunga, na kwa sababu gani?" Kamba laini nayo ni kamba.

Weston alipata wapi ushupavu wa kuwapinga watu wa taifa lake na maaskofu wenzake? Aliupata katika imani yake. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 1, chafundisha kwamba mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Hakuchagua kabila wala rangi. Na Injili ya Mathayo, sura ya 25, yafundisha kwamba tunalomtendea mtu mnyonge tunamtendea Kristo mwenyewe. Mwaka 1923, katika mkutano mkubwa wa Wakristo mjini London, Weston aliwaambia wasikilizaji wake kwamba hawawezi kumwabudu Yesu altareni huku wakimdharau katika miili ya maskini.

Hakuwa peke yake. Watu wengine wa makanisa huko Uingereza walipinga pia. Mwaka 1921 Serikali ya Uingereza iliwakataza maofisa wake kuwatafutia wenye mashamba vibarua. Lakini msidhani kwamba dhuluma yote iliondoka siku hiyo. Kodi na kipande viliendelea kuwabana watu kwa miaka mingi. Weston mwenyewe alifariki mwaka 1924.

Wanafunzi wapenzi, somo hili si la maaskofu na magavana tu. Nyumbani mwako huenda yumo mtumishi. Shambani kwako huenda yuko kibarua. Ukimpa nguo kuukuu wakati wa Krismasi, umefanya hisani, na hisani ni njema. Lakini kama mshahara wake wa miezi miwili bado uko mfukoni mwako, nguo ile haikulipa deni. Mlipe kwanza, kisha mpe zawadi.

Sasa zimeni redio, mzungumze maswali haya pamoja na mwalimu wenu:

1. Kwa nini Weston alikataa lazima yenye upole?
2. Je, mtu aweza kulipwa na bado asiwe huru? Toeni mfano.
3. Kila mmoja aandike sentensi moja yenye neno HISANI, na nyingine yenye neno HAKI.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.