Kwa nini dinosaria wapatikane Turkana, si Kitale wala Bungoma

WAKAZI wa Kitale na Bungoma huchimba visima na misingi ya nyumba kila uchao, lakini anayetarajia kukutana na mfupa wa dinosaria huko atachoka bure. Si kwamba wanyama hao hawakuwahi kupita sehemu hizi. Sababu ni mawe yenyewe.

Dinosaria walitoweka yapata miaka milioni 66 iliyopita. Ili mfupa udumu muda wote huo, sharti ufukiwe upesi, kabla ya jua, mvua na wala mizoga kuumaliza. Mahali pafaapo ni uwanda ambao mto hufurika mara kwa mara na kuacha tabaka la mchanga na matope juu ya jingine. Aliyeona matope yanayoachwa na Mto Nzoia kule Budalang'i baada ya mafuriko ameuona mwanzo wa kazi hiyo. Baadaye maji yapenyayo ardhini huingiza madini ndani ya mfupa hadi ukawa jiwe, nao mchanga hushikamana ukawa mwamba.

Miamba mingi ya Bungoma ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2. Ilikuwapo kabla ya kiumbe chochote chenye mifupa. Mlima Elgon nao ni mdogo mno kwa umri: volkano yake ilianza kulipuka muda mrefu baada ya dinosaria kwisha. Ndiyo maana katika pango la Kitum huonekana miti iliyogeuka mawe, lakini si dinosaria.

Hali ni tofauti kwa anayeshika njia kutoka Kitale, akapita Kapenguria na Lodwar hadi Lokitaung, magharibi mwa Ziwa Turkana. Katika milima ya Lapur kuna mawe ya mchanga yaliyolazwa na mito enzi za dinosaria, na mmomonyoko umeyafichua. Mwaka 1969, wanasayansi Camille Arambourg na R. G. Wolff walitoa taarifa kuhusu mabaki ya wanyama hao. Miaka ya 2000, watafiti wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walikusanya mifupa mingine, ya wala majani wenye shingo ndefu na ya wala nyama.

Mfupa kama huo ukiokotwa na kupelekwa nyumbani, hupoteza sehemu kubwa ya habari zake, kwani umri wake husomwa katika tabaka ulimolala. Kwa sababu hiyo, Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 humtaka anayegundua kitu cha aina hiyo kuyaarifu Makavazi ya Kitaifa na kueleza mahali hasa alipokiona.

Kwa mkazi wa Trans Nzoia au Bungoma, mlango wa karibu ni Makavazi ya Kitale, yaliyofunguliwa mwaka 1974. Ukiona jiwe lenye umbo la mfupa, liache lilipo, kisha ukatoe habari.